Walipima Nyota Kutoka Kilima cha Nyoka, na Hawakuwa Wakitupimia Sisi

Wacha niseme ukweli mapema: sikuenda Cape Town kuangalia nyota. Nilienda kwa sababu binamu yangu anasoma huko, na siku hizi Mkenya haombi viza kuingia Afrika Kusini kwa ziara isiyozidi siku 90. Nyota zilikuwa wazo lake. "Jumamosi usipange kitu," akaniambia, "tunaenda Obs." Nikadhani Obs ni klabu. Nikavaa vile mtu huvaa akienda klabu.

Na si makosa yangu sana. Mtaa wa Observatory, ambao wenyeji huufupisha kuwa Obs, umejaa baa na mikahawa ya wanafunzi. Lakini mtaa ulipata jina kutokana na kituo cha kuangalia nyota kilichoko pale tangu enzi za ukoloni. Kituo hicho hufungua lango kwa umma Jumamosi ya pili na ya nne ya kila mwezi, saa mbili usiku. Huhitaji kuwa profesa. Unaingia, unasikiliza mhadhara, unatembezwa, na mawingu yakikuonea huruma unachungulia kwenye darubini.

Ilikuwa mwisho wa Mei na baridi ya Cape haina mchezo. Mimi na viatu vyangu vya klabu kwenye nyasi zenye umande. Mawingu yalikuwa yanakuja na kwenda, na yule aliyetuongoza alituambia kabisa kwamba hatuahidi kitu. Kwa hivyo kwa saa nzima ya kwanza sikuona nyota hata moja. Nilipata historia, na hiyo historia ndiyo imenifanya niandike hii stori.

Swali la kwanza lililonijia: kwani nani alijenga kitu kama hiki hapa, na kwa nini? Watoto wa siku hizi tunadhani kituo cha nyota ni cha watu wenye udadisi. Hapana. Hiki kilijengwa kwa sababu ya meli.

Fikiria mwaka 1820. Hakuna GPS. Baharia katikati ya bahari anaweza kujua amefika kaskazini au kusini kiasi gani kwa kupima jua likiwa utosini. Shida ni mashariki na magharibi. Kwa hilo anahitaji saa inayoonyesha wakati wa mahali fulani anapopajua, tuseme Greenwich, halafu ailinganishe na wakati wa jua pale alipo. Dunia inazunguka digrii 15 kwa saa moja. Saa yako ikikosea dakika 4 tu, umekosea digrii nzima, na karibu na Ikweta digrii moja ni kama kilomita 111. Hiyo ndiyo tofauti kati ya kutia nanga na kugonga mwamba usiku.

Meli za Uingereza zilizokuwa zikienda India zilipitia Cape, na zilihitaji mahali pa kurekebisha saa zao. Saa bora kuliko zote enzi hizo ilikuwa nyota zenyewe, mradi uwe na mtu wa kuzipima kila usiku. Basi tarehe 20 Oktoba 1820 London ikaamuru kituo kijengwe Cape, chini ya wakuu wa jeshi la majini. Kuanzia 1836 kituo kilikuwa kinaangusha mpira mkubwa kutoka kwenye mlingoti kwa wakati maalum, ili manahodha walioko bandarini warekebishe saa zao. Na mpaka leo kuna mzinga unaopigwa saa sita adhuhuri kutoka Signal Hill, kila siku isipokuwa Jumapili na sikukuu, kwa ishara ya umeme inayotoka kituoni. Nilikuwa nimeusikia siku yangu ya pili Cape Town. Niliruka. Binamu yangu alicheka mpaka akakaa chini.

Hiyo ndiyo kazi iliyolipiwa: biashara na jeshi. Waliokuwa wakiishi pale hawakuwa kwenye hesabu kabisa. Kando ya mto Liesbeek, unaopita chini ya kilima hicho, ndiko Wakhoikhoi walikuwa wakilisha ng'ombe wao kabla ya Waholanzi kuanza kujigawia mashamba mwaka 1657. Na mwaka ule amri ya kujenga kituo inatiwa sahihi, utumwa ulikuwa bado halali Cape. Ulifutwa 1834. Kwa hivyo kulikuwa na miaka ambapo upande mmoja wa mto kuna mzungu anayehesabu sehemu ndogo kabisa za sekunde, na jirani kuna mtu ambaye hata saa zake za mchana si zake.

Na si kwamba watu weusi hawakuwa na habari na anga. Hili ndilo lililonipiga kabisa. Kuna kikundi cha nyota ndogo zilizobanana kama kichala, ambacho Waxhosa, walioko mashariki zaidi mwa nchi hiyo, huita isiLimela. Kikirudi kuonekana alfajiri mwezi wa Juni, ilikuwa ishara kwamba wakati wa kulima unakuja, na wanaume walihesabu miaka yao ya utu uzima kwa kurudi kwake. Sasa sema isiLimela polepole. Halafu kumbuka nyota hizo hizo kwa Kiswahili zinaitwaje: Kilimia. Mzizi ni ule ule, kulima. Wazee wa pwani yetu waliziangalia pia, wakasema Kilimia kikizama wakati wa jua huibuka na mvua. Maelfu ya kilomita kati yao, neno moja la jembe. Hakuna aliyehitaji kutumwa kutoka London kutufundisha kutazama juu.

Lakini sitaki kujifanya waliokuja walikuwa wanakula maisha. Mwanafalaki wa kwanza, yaani mtu wa kusoma nyota, alikuwa Fearon Fallows, mtoto wa mfumaji wa nguo kutoka Cockermouth. Alifika Cape mwaka 1821 na akachagua kilima kilichoitwa Slangkop, yaani kichwa cha nyoka, na jina halikuwa mapambo. Jengo halikukamilika mpaka 1828. Chombo chake kikubwa, duara la chuma la kupimia urefu wa nyota lililofungwa ukutani, kilipata ajali wakati wa kushushwa, na tangu hapo kikawa kinamtolea vipimo asivyoviamini. Msaidizi akaondoka. Akabaki na mke wake, Mary Anne, ambaye alijifunza kazi na kusoma vipimo vya chombo kimoja huku mumewe akiwa kwenye kingine. Vitabu vingi humtaja kwa sentensi moja halafu vinaendelea. Na mimi nimefanya hivyo hivyo sasa hivi, pole mama.

Fallows alikufa 1831. Kaburi lake liko pale pale mbele ya jengo kuu. Usiku ule tulilipita tukiwa na tochi, na watoto waliokuwa kwenye kundi letu walinyamaza kwa mara ya kwanza tangu tuingie langoni.

Sasa, aliyekuja baada yake ndiye stori yenyewe.

Thomas Henderson alikuwa karani wa wakili kutoka Dundee. Nyota alijifunza kwa muda wake wa ziada, akiwa na macho mabovu na afya mbovu. Alifika Cape 1832, akapachukia mara moja, akapaita kinamasi cha huzuni. Alivumilia mwaka mmoja na kidogo, akajiuzulu 1833 na kurudi Scotland. Lakini katika muda huo mfupi alifanya kazi kama mtu anayekimbizwa, na miongoni mwa nyota alizopima mara nyingi kulikuwa na moja inayoitwa Alpha Centauri.

Ili uelewe alichokuwa nacho mkononi, fanya hivi. Nyosha mkono, inua kidole gumba, funga jicho la kushoto. Sasa fungua hilo, funga la kulia. Umeona vile kidole kimeruka? Hakijaenda popote. Ni jicho lako limebadilisha mahali. Ukijua umbali kati ya macho yako na ukipima kidole kimeruka kiasi gani, unaweza kupiga hesabu ya kidole kiko mbali vipi bila kukigusa. Hiyo inaitwa paralaksi. Fanya hivyo na nyota: leo Dunia iko upande huu wa jua, baada ya miezi 6 iko upande wa pili, kilomita milioni 300 kutoka hapa. Hayo ndiyo macho mawili. Nyota iliyo karibu inapaswa kuruka kidogo mbele ya zile za mbali.

Watu walikuwa wameutafuta huo mruko kwa karne nyingi na hakuna aliyekuwa ameupata. Wengine waliwahi kuutumia kama ushahidi kwamba Dunia haizunguki jua, maana kama inazunguka, mbona nyota hazicheki? Kumbe zinacheka, ila kidogo sana. Gawanya digrii moja mara 3,600. Mruko wa Alpha Centauri, vile wanafalaki huupima, ni kama robo tatu ya kimoja cha vipande hivyo. Ni kama kuweka sarafu ya sentimita mbili na nusu hapo Kencom halafu ujaribu kuuona upana wake ukiwa Lavington.

Henderson alijulishwa, na mtu aliyekuwa akipima nyota katika kisiwa cha St Helena, kwamba Alpha Centauri inasogea angani kwa kasi isiyo ya kawaida, dalili kwamba huenda iko karibu. Akarudi kwenye vitabu vyake vya Cape na kupiga hesabu. Mruko ulikuwepo. Alikuwa na umbali wa nyota. Mtu wa kwanza duniani, akitumia vipimo vilivyotoka kwenye kilima cha nyoka Afrika.

Na akanyamaza.

Alikuwa na sababu. Vyombo vya Cape vilikuwa na sifa mbaya, na tayari wengi waliotangaza paralaksi kabla yake walikuwa wameaibika. Alitaka vipimo zaidi, uhakika zaidi, mtu mwingine wa kuthibitisha. Miaka ikapita. Mwishoni mwa 1838 Mjerumani Friedrich Bessel akatangaza umbali wa nyota inayoitwa 61 Cygni. Dunia ikampigia makofi. Henderson akachapisha yake Januari 1839, miezi michache baadaye, miaka mitano na zaidi tangu aondoke Cape na daftari lake. Vitabu vinamwandika Bessel wa kwanza, na ni haki, kwa sababu ukweli ulio kwenye droo yako hakuna anayeweza kuutumia.

Nilikasirika kusikia hii, sitakudanganya. Nina rasimu 40 kwenye simu yangu ambazo sijawahi kuposti kwa sababu hazijafika. Binamu yangu alinigeukia gizani bila kusema kitu. Alijua.

Kituo kiliendelea na nitapita haraka hapa, maana mwongozaji wetu pia alipita haraka, mawingu yalikuwa yanafunguka. Mwaka 1882 kimondo kikubwa chenye mkia kiling'aa mpaka kikaonekana mchana, na David Gill, aliyekuwa mkuu wa kituo, akamwita mpiga picha wa mtaani aje na kamera yake ya kupigia watu picha. Picha ilitoka na kimondo, lakini nyuma yake kukawa na nyota nyingi ajabu. Gill akaona mara moja: mbona tuchore ramani ya anga kwa mkono wakati kamera inaweza? Orodha iliyotokana na wazo hilo, akishirikiana na Jacobus Kapteyn wa Groningen ambaye ndiye alipima zile picha, ilikuwa na nyota 454,875. Mpiga picha wa harusi ndiye aliyefungua mlango huo, tuseme hivyo.

Ndipo tukaingia kwenye kuba yenye darubini ya McClean, zawadi ya tajiri mmoja iliyofika miaka ya mwisho ya 1890. Ni ndefu kama nguzo ya stima, na sakafu yake ilitengenezwa iweze kupanda na kushuka ili mtu afikie jicho la darubini bila ngazi. Jengo lilichorwa na Herbert Baker. Kama jina hilo unalijua, ni kwa sababu ndiye aliyechora pia jumba la gavana ambalo leo ni Ikulu ya Nairobi. Watu wale wale, ramani zile zile, kutoka Cape mpaka kwetu.

Foleni ilikuwa ya watu kama 30. Nyanya mmoja mwenye mkongojo, wavulana watatu wenye kofia za sufu, wapenzi waliokuwa wakigombana kwa sauti ya chini, baba aliyembeba mtoto mgongoni. Rangi zote za Afrika Kusini. Nilisimama pale nikifikiria kwamba taasisi hii, kwa muundo wake wa sasa, iliundwa 1972, wakati sheria ya nchi hiyo ilikuwa inamwambia mtu mahali pa kuishi kulingana na ngozi yake, na Uingereza ilikuwa mshirika katika kuiunda. Darubini kubwa zilihamishiwa Sutherland, kama kilomita 370 kutoka pale, kwa sababu taa za jiji zilikuwa zimeshaumeza usiku. Huko ndiko iko SALT, iliyozinduliwa 2005, yenye kioo kilichoundwa kwa vioo 91 vya pembe sita. Sayansi ya kweli inafanyika huko sasa. Kilima cha nyoka kimezungukwa na barabara kuu na taa za manjano.

Na ndiyo sababu nasema hivi, mnisamehe wasomi: kazi bora inayofanywa pale leo ni ile foleni.

Zamu yangu ilifika. Mwongozaji alikuwa ameelekeza Alpha Centauri, kwa makusudi nadhani. Kwa macho ni nyota moja inayong'aa sana. Nikaweka jicho. Mwanzo niliona kope zangu tu. Halafu ikatulia, na zikawa mbili. Nyota mbili za dhahabu, moja imezidi nyingine kidogo, zimekaribiana kama taa za gari linalokuja kutoka mbali sana. Nuru yake ilikuwa imesafiri miaka minne na miezi kadhaa kufika kwenye jicho langu. Nilihesabu nyuma: ilipotoka kule, mimi nilikuwa nahangaika na mitihani na mapenzi ya kijinga. Mvulana nyuma yangu akasema kwa Kiingereza nimemaliza dakika yangu. Alikuwa sahihi.

Sasa turudi nyumbani, maana hapa ndipo inaniuma. Tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya Jamhuri, roketi ilipaa kutoka jukwaa la San Marco baharini huko Ngomeni, kaskazini mwa Malindi. Ilibeba setelaiti ya kwanza duniani iliyotengenezwa mahsusi kuchunguza anga kwa eksirei. Waliipa jina Uhuru, kwa heshima ya siku yetu. Riccardo Giacconi, aliyeongoza kazi hiyo, alipata Nobel ya fizikia 2002. Mimi nilimaliza shule ya upili bila mtu yeyote kunitajia hiyo setelaiti, na bila kuweka jicho kwenye darubini hata mara moja. Tulichora lenzi. Tulichora sana lenzi. Roketi ilitoka pwani yetu kama vile vipimo vya Henderson vilitoka Cape: mahali ni petu, daftari likaenda kwingine.

Najua kuna msee tayari anaandika, "watu wanalala njaa wewe unaongea nyota." Sawa. Lakini angalia nilichoelezea. Sisemi tununue kioo cha mita 11. Darubini iliyonitoa machozi ina zaidi ya miaka 120 na haifanyi tena utafiti mkubwa. Gharama kubwa ya usiku ule ilikuwa uamuzi: kwamba Jumamosi mbili kwa mwezi mtu atafungua lango, atawasha taa nyekundu, na atajibu maswali ya watoto bila kuwafukuza. Kuna Wakenya ambao tayari huzunguka na darubini mashuleni na nawavulia kofia. Ninachotaka ni mahali pasipohama. Mahali ambapo mtoto wa Dandora au Garissa anajua, Jumamosi ya pili, lango liko wazi, na si lazima awe amealikwa.

Na tuna kitu ambacho Cape hawana. Tuko kwenye Ikweta. Wao hawaioni Dubu Mkubwa vizuri, na Wazungu wengi hawajawahi kuiona Alpha Centauri maishani. Sisi tunaona zote.

Niliporudi Nairobi ilikuwa Juni. Nikapanda juu ya paa la ploti yetu saa tatu usiku, nikapita kati ya kamba za nguo, nikaangalia kusini. Jiji linang'aa kama tanuri, lakini kulikuwa na mwanya kwenye mawingu, na hapo, kama theluthi moja ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini, kulikuwa na nyota mbili angavu zikielekeza kwenye Msalaba wa Kusini. Ya kushoto ndiyo yenyewe.

Keateka akanifuata juu na tochi. "Kijana, unatafuta nini huku? Ni droni?"

"Hapana mzee. Hebu inua kidole gumba."

Akanitazama kwa muda, akazima tochi, akainua.